Kutoka Kitonga hadi Kiwira, nikitafuta mfereji wa bustani

Haya nimeyaandika baada ya kurudi Dar, kutoka kwenye daftari lililolowa upande mmoja na picha zilizojaza simu. Kazi yangu ni kubuni bustani. Nauli nililipiwa na mteja wa Iringa, mwalimu mstaafu anayejenga nyumba yake ya uzeeni. Mzunguko wa Mbeya niliuongeza mimi kwa udadisi. Miaka michache iliyopita Mwalimu alimsindikiza mdogo wake kwenye matibabu New Delhi, na siku walipopata nafasi ya kupumua wakapanda gari hadi Agra. Akaiona Taj Mahal, kaburi la marumaru la wafalme wa Kimughal wa India, kwenye maji, kichwa chini miguu juu, na tangu hapo hataki kusikia habari ya bustani isiyo na mfereji mrefu ulionyooka mbele ya baraza. Nikamwomba kabla sijachora mstari wowote anipe nafasi ya kuona maji yanavyoendeshwa huko huko Nyanda za Juu Kusini. "Nenda mwanangu," akasema, "ila usije ukaniletea bwawa la kuogelea."

Jumatatu: Dar – Morogoro – Iringa

Treni ya SGR ya asubuhi hadi Morogoro, shilingi 13,000, kisha bajaji hadi stendi ya Msamvu. Atakayefuata njia hii ajue jambo moja: treni inakuokoa na foleni ya Kibaha, lakini Msamvu unanunua kiti kilichobaki. Mimi niliangukia siti ya nyuma kabisa, juu ya tairi, kwa 25,000. Mwenye mgongo mbovu apande basi la moja kwa moja kutoka Dar.

Mikumi nilisinzia, hata tembo waliotajwa na abiria sikuwaona. Ruaha Mbuyuni niliamshwa na vitunguu vilivyosukumwa dirishani. Pale ndipo macho yangu yalipoanza kazi. Nyuma ya meza za wauzaji kuna vijaruba vidogo, na kati yake mitaro ya udongo yenye upana wa jembe. Maji yalikuwa yanapita kimya, kila kijaruba kinafunguliwa kwa kubomoa kipande cha tuta na kufungwa kwa kurudisha udongo ule ule. Valvu ya bei rahisi kuliko hiyo sijawahi kuiona.

Kitonga kulikuwa na ukungu na lori la Tunduma lililokataa kupanda. Tulisimama saa mbili na zaidi. Abiria walishuka, wengine wakaanza kumshauri dereva wa lori mambo ya gia. Mama niliyekaa naye, mfanyabiashara wa nyanya wa Ilula, alifungua mfuko wa karanga za kuchemsha akaniwekea nusu mapajani bila kuuliza. Aliposikia nafika Iringa usiku na simfahamu dereva yeyote, alimpigia mpwa wake mwenye bajaji, akamwambia, "Kuna dada yako anashuka Igumbilo, mpeleke mpaka mlangoni, umsubiri afunguliwe." Alinisubiri kweli. Nauli 5,000, na hakutaka ya kusubiri.

Jumanne: Iringa, kiwanjani

"Kamwene," fundi akanisalimu, nami nikajibu "Kamwene," na hapo Kihehe changu kikawa kimekwisha. Kiwanja kiko kwenye mteremko, na kutoka barazani unaona upande wa mwamba wa Gangilonga. Pazuri. Kwa mfereji wa Taj Mahal, pabaya.

Tulipima kwa mpira wa maji, ule wa uwazi ambao mafundi wetu wanausawazishia misingi. Kutoka ukingo wa baraza hadi mwisho wa kiwanja ni mita 32, na ardhi inashuka mita 1.9. Maji yaliyotulia hayakubali kupinda hata kidogo. Ukichimba mfereji kuelekea chini ya mteremko huo, ama utoe udongo juu mpaka baraza lining'inie kwenye shimo, ama ujenge chini ukuta unaompita mtu mrefu. Ukuta huo utazuia tani nyingi za maji na utope, na jirani wa chini atalala jicho moja wazi.

Taj Mahal iko ukingoni mwa mto Yamuna, bustani yake ni tambarare, mraba uliokatwa mara nne kwa mifereji. Tambarare inasamehe. Wafalme hao hao wa Kimughal walipojenga Shalimar ya Lahore, mwaka 1641, waliigawa bustani katika matabaka matatu, maji yanashuka kutoka moja hadi jingine. Waitalia nao walifuata mlima: Villa d'Este kule Tivoli, ya karne ya 16, ilichepusha maji ya mto Aniene yakapita chini ya mji, na mamia ya mirija yake ikarusha maji hewani kwa nguvu ya kushuka tu, bila pampu.

Kinyume chake ni Versailles, Ufaransa. Mfereji Mkuu wa Mfalme Louis XIV, ulioanza kuchimbwa 1668, una urefu wa mita 1,670. Huo haukuwa taabu, maana uko bondeni na maji ya eneo lile la kinamasi yanauelekea yenyewe. Taabu ilikuwa chemchemi za kurusha maji huko juu karibu na kasri. Walijenga mtambo wa magurudumu 14 kwenye mto Seine, ukaanza kazi 1684, na bado maji hayakutosha. Wahudumu walikuwa wanapigiana mluzi: mfalme anakuja, fungua, amepita, funga. Namheshimu sana André Le Nôtre aliyeibuni bustani ile, lakini chemchemi inayofunguliwa kwa mluzi ni deni lililovaa dhahabu.

Nilimsimulia Mwalimu haya tukiwa tumekaa juu ya matofali. Fundi alikuwa na kidumu cha ulanzi, msimu wake ndio huu wa mvua, akawa anaitikia kila jina la mfalme. Mwalimu akauliza swali la mwalimu: "Na langu litakula maji kiasi gani?"

Tukapiga hesabu kwenye mfuko wa saruji. Mfereji wa mita 30 kwa mita 1.2 una uso wa mita za mraba 36. Kiangazi, jua na upepo vikinyanyua milimita 5 kwa siku, hizo ni lita 180, yaani 5,400 kwa mwezi. Mei hadi Novemba ni kama lita 38,000, za kufidia tu. Akataja bomba la mjini, nikamwonyesha paa. Paa lake lina mita za mraba 200. Kwa mvua ya milimita 600 kwa mwaka linashusha lita 120,000 kabla ya hasara. Maji anayo. Asichonacho ni mahali pa kuyaweka mpaka Novemba.

Kwa wenye viwanja vinavyopakana na mto au kijito na wanaota kuchepusha "kidogo tu": sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, na sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inadai kibali cha kutumia maji. Kwa Iringa kibali kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambayo ofisi zake ziko hapo hapo mjini. Nendeni mkaulize kabla ya kununua saruji.

Jumatano: Iringa – Mafinga – Makambako – Rujewa

Misonobari ya Sao Hill, mvua, misonobari tena. Makambako baridi ilinifanya nivae khanga juu ya koti. Pancha mbili, ya pili bila tairi la akiba, na chipsi mayai za 3,500 nilizokula nimesimama. Nilifika Rujewa usiku. Gesti 20,000, maji ya moto ya ndoo, chandarua chenye matundu ambayo mhudumu aliyafunga kwa mafundo akitumia kibatari cha simu yangu.

Alhamisi: Usangu

Hii ndiyo siku niliyoifuata, siku ya mifereji ya mpunga.

Kijana wa bodaboda alinitoza 12,000 kwenda upande wa Ubaruku na kurudi, pamoja na kunisubiri. Njia ni utelezi mtupu. Nilivaa gambuti nilizoazimwa gesti. Chukueni za kwenu. Mashamba makubwa ya huku, likiwemo la Mbarali lililojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China na kuendeshwa na NAFCO, shirika la umma la kilimo, sasa yana wenyewe, na huingii kupiga picha bila ruhusa. Mimi nilielekea kwenye skimu ya wakulima wadogo, ambako ruhusa ni salamu.

Kwenye daraja dogo tulimkuta mzee ameshika daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Yeye ndiye mgawa maji wa chama cha watumia maji.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ni wa serikali?"

"Hapana baba, natengeneza bustani."

"Za mchicha?"

"Za maua. Na maji."

"Maji ya kumwagilia?"

"Ya kuangalia."

Alinitazama muda. "Ya kuangalia tu?"

Kijana wa boda alicheka mpaka akaishikilia pikipiki. Nilieleza kadiri nilivyoweza. Granada, Hispania, kuna ngome ya Alhambra. Masultani wake walichepusha mto Darro karibu kilomita 6 juu, wakauleta kwa mfereji uliofuata ubavu wa mlima. Maji hayo hayo yalipita uani kwa sultani, katikati ya maua, na yakanywesha mashamba ya mboga na matunda ya pale Generalife, kasri lao la mapumziko jirani na ngome. Kwenye Uwanja wa Simba, wa karne ya 14, yanapita kwenye vijifereji vinne vya marumaru vinavyounganisha vyumba na beseni linalobebwa na simba 12 wa mawe.

"Yakitoka kwa sultani yanakwenda shambani?" mzee akauliza.

"Ndiyo."

"Basi huyo alikuwa na akili. Twende nikuonyeshe banio."

Banio ni ukuta wa zege uliolala kukatiza mto, unaoinua maji kidogo ili yaingie kwenye mlango wa chuma wa kupandisha kwa usukani. Ningeweza kulitazama na kuondoka. Mzee hakunipa nafasi hiyo. Alinipeleka hatua chache ndani, mahali mfereji unapopanuka ghafla bila sababu inayoonekana. Hapo maji yanapunguza mwendo na mchanga unatua, na pembeni kuna mlango mdogo wa chini wa kuusukuma urudi mtoni. "Mchanga ukipita hapa," alisema, "utaukuta kwenye jaruba la mtu, na yeye atakuja kwangu." Nimeona michoro mingi ya mabwawa ya mapambo ya mahoteli Dar. Chumba cha kutulizia mchanga ni kitu cha kwanza kufutwa bei ikipunguzwa, na miezi sita baadaye mnaitwa kusafisha kinamasi.

Kisha akanionyesha mwendo. Alirusha unyasi kwenye mfereji mkuu akaanza kutembea nao kando, mikono nyuma, kama anamsindikiza mgeni. Maji mazuri, kwa kanuni yake, ni yale unayoongozana nayo bila kukimbia wala kusubiri. Yakikutangulia yanakula kingo. Yakikuchelewesha yanaota magugu. Nilimuuliza mteremko ni kiasi gani, akasema waliochimba waliwekewa sentimita 5 kwa kila mita 100. Nilipiga magoti kuutazama huo mteremko na sikuuona. Kwa macho ni tambarare kabisa; unyasi peke yake ndio ulijua.

Mbele zaidi kuna kigawa maji: kisanduku cha zege chenye matundu matatu, vizingiti vyake vimesawazishwa kwa pima maji. Kwa kuwa vizingiti viko usawa mmoja, kila tundu linachukua maji kulingana na upana wake, na ugomvi unapungua. Zamu ziko kwenye daftari. Nilimwomba nisome ukurasa mmoja. Majina, saa, na pembeni alama ya vema au neno "aliiba".

Wakati huu wa mwaka majaruba yamejaa. Kinamama walikuwa wanapandikiza miche kwa mstari wa kamba, na zaidi yao majaruba ambayo hayajapandwa yamelala wazi, milima ya Kipengere yote imo ndani yake, mpaka mawingu. Nilipima kwa kidole: maji hayafiki sentimita 10. Lakini chini ni tope jeusi. Wateja wangu karibu wote wanaomba vigae vya bluu, kisha wanalalamika maji hayaakisi kitu. Bluu inaonyesha sakafu. Sakafu ikiwa nyeusi, jicho halina pa kwenda chini, linabaki juu na mbingu. Hilo nililiandika kwa herufi kubwa.

Tulikula kwa mzee. Wali wa Saro na perege wa mchuzi, mama mwenye nyumba akaongeza sahani yangu kabla sijamaliza. Nilipotaka kuacha 10,000 mezani mzee aliisukuma, akakubali tu nimnunulie daftari jipya dukani. Wakati wa chai aliongea habari ambayo watu wa Usangu wamechoka kuulizwa: tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi huko chini hifadhini, na kila mwenye mfereji wa juu ananyooshewa kidole. Yeye hufunga mlango wa banio msimu wa maji unapoisha, kwa zamu iliyokubaliwa, na anajua wasiofunga. "Ukimjengea huyo Mwalimu wako," alisema, "mwambie na yeye ana watu wa chini."

Tahadhari: msiingie mifereji ya mpunga pekupeku hata kama watoto wanaogelea. Kichocho kipo. Na fedha taslimu mtoe Rujewa kabla ya kwenda.

Ijumaa: Rujewa – Igurusi – Mbeya

Costa hadi Mbeya, 8,000, na magunia matatu ya mchele katikati ya njia. Nilishukia Uyole kununua viazi vya kumpelekea Mwalimu, nikaghairi nilipokumbuka tumbo la begi. Mchana wote mvua Mwanjelwa.

Jioni gestini jamaa mmoja, mhandisi wa barabara, aliona michoro yangu akasema mambo ya maji ya mapambo ni ya Wazungu. Hoja hii naijua na inanichosha. Husuni Kubwa, kasri la Kilwa Kisiwani la mwanzoni mwa karne ya 14, lina bwawa la pembe nane lililochongwa kwa ustadi, karne tatu na nusu kabla Le Nôtre hajachimba Versailles. Zanzibar, Sultani Barghash alijenga Marahubi miaka ya 1880, na mabaki ya mabafu, bwawa la mayungiyungi na nguzo bado yapo pale. Bara nako, Engaruka wakulima walikuwa na mifereji ya mawe karne kadhaa zilizopita, Wachaga wana mifereji yao, mifongo, Wapare mabwawa yao, ndiva. Mhandisi akasema Engaruka hakuna aliyekuwa anaangalia maji, walikuwa wanalima. Sijui kwa nini watu wanadhani mkulima hana macho. Tulimalizia kwa kuagiza chai ya tangawizi.

Jumamosi: Tukuyu na Kiwira

Noah kutoka Mbeya hadi Tukuyu, 5,000, watu kumi na mtoto. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka na nadhani nyingi zilishuka asubuhi hiyo. Nilikwenda Daraja la Mungu kwa bodaboda: mto Kiwira umepita chini ya mwamba wa volkano, juu pamebaki njia ya kupita mtu, yenye utelezi na isiyo na kingo. Kijungu, ambako mto unazungushwa kwenye chungu cha mwamba, kiko karibu na chuo cha Magereza, kwa hiyo ulizeni kwanza kabla ya kutoa simu kupiga picha.

Kitu nilichokipenda zaidi kilikuwa gestini. Ua wa gesti ile unashuka kwa kasi, na maji ya paa yanaingia kwenye mtaro wa mawe meusi unaoteremka kando ya ngazi. Mjenzi hakulaza mawe sawasawa. Aliyaacha yametokeza, moja kushoto moja kulia, na maji yalikuwa yanagonga yakigeuka meupe mpaka chini. Mughal walikuwa na kitu hicho hicho, chadar: bamba la jiwe lililolazwa kwa mshazari na kuchongwa mawimbi, ili maji machache yaonekane mengi na yasikike. Nilimwita mwenye gesti.

"Mama, nani alibuni huu mtaro?"

"Kubuni nini? Maji yalikuwa yananichimbia uwanja, yanang'oa migomba ya jirani. Fundi akasema tuyawekee mawe yachoke."

Yachoke! Huko ndiko kupunguza kasi kulikonifanya nikeshe na vitabu Chuo Kikuu Ardhi. Alinipa mbalaga, ndizi za kupikwa, yenye nyama, 6,000, na nilipomwambia "Ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, akaniletea parachichi mbili za njiani, bure. Wakati wa kula mvua ilikata. Mtaro uliendelea kuongea kama dakika kumi, kisha ukanyamaza kuanzia juu.

Jumapili yote ilikuwa basi la kurudi Iringa.

Jumatatu: Iringa tena

Mwalimu alikuwa ameandaa uji na maswali. Nikamweleza tulivyokubaliana mimi na mteremko wake. Maji ya paa yaingie kwenye tangi la chini ya ardhi la lita 40,000. Kutoka humo yashuke kwa mtaro mfupi wa mawe yaliyotokeza, aina ya Tukuyu, yapite kisanduku cha kunasa mchanga, ndipo yaingie kwenye mfereji. Na mfereji wenyewe usielekee chini. Ulale kukatiza mteremko, sambamba na baraza, mita 24 kwa sentimita 90, kina sentimita 40 kwa sababu ya wajukuu, sakafu ya niru nyeusi. Mwisho wake kuwe na kizingiti cha kupunguzia maji, yanayozidi yaende kwenye miparachichi na matuta ya mboga kabla ya kufika kwa jirani.

"Taj Mahal mfereji uko mbele," akasema. "Wewe umeulaza pembeni."

Hilo nililitarajia. Nilimwonyesha picha ya taasisi ya Salk kule California, iliyobuniwa na Louis Kahn na kukamilika 1965: uwanja mtupu wa mawe na mfereji mwembamba katikati unaoelekea Bahari ya Pasifiki. Nilitaka aone kwamba wembamba unatosha. Akaitazama, akauliza, "Maua yako wapi?"

Tukaacha picha. Fundi alichimba mtaro wa mita tatu kwa kontua, yaani kukatiza mteremko kwa usawa mmoja, tukatandika nailoni nyeusi, tukajaza kwa ndoo. Kuna jambo ambalo watu wengi hawalifikirii mpaka walione: maji yanaakisi kilicho ng'ambo yako. Mwalimu akiwa barazani aliona mbingu na kipande cha miti ya jirani. Nikamwomba ashuke, akae kwenye ndoo iliyopinduliwa upande wa pili. Akakaa. Ukuta wake ambao haujapigwa lipu, mbao za kenchi, fundi na kidumu chake, vyote vilikuwa mle.

"Kumbe nyumba yangu nitaiona nikiwa nje yake."

"Ndiyo Mwalimu. Tuweke benchi hapo."

"Weka. Wageni wakae huko waisifu, mimi nitabaki barazani na mbingu."

Ya fedha yalikuwa magumu zaidi. Makadirio yangu ni milioni 16, na zaidi ya nusu ni tangi. "Yaani nalipia shimo nisiloliona?" aliuliza mara mbili, mara ya pili akimwangalia fundi. Tulipunguza vigae vya kingo tukaweka mawe ya Iringa, tukafuta taa za ndani ya maji. Kisanduku cha mchanga nilikataa kukigusa. Habari ya mbu aliileta yeye mwenyewe, na perege wadogo watatosha kula viluwiluwi, mradi asiwape chakula wakashiba. Kuchimba kunaanza Mei mvua zikikata. Amana imelipwa, tangi kwanza.